Kwa nini mchuzi wangu wa binyebwa unakatika na kushika chini?

Swali: Nimehamia Kampala kutoka Tanga, na mchuzi wa binyebwa, yaani wa karanga, umenishinda. Nanunua karanga za kusaga pale sokoni Kalerwe. Nakaanga kitunguu na nyanya nne, natia maji ya moto, kisha namimina unga wa karanga mwishoni kama ninavyotia tui la nazi, nachemsha dakika kumi na tano. Unatoka na chembechembe zinazoelea majini kama maziwa yaliyochacha, chini umeshika, na ladha ni mbichi mbichi. Wiki iliyopita nilinunua karanga za rangi ya kahawia kwa muuzaji mwingine, nikachemsha saa nzima, huo nao ukatoa mafuta tele juu. Mgahawani unakuja mzito, laini, wa rangi ya waridi iliyokoza. Wanatia nini?

Jibu: Dada, hawatii kitu ambacho huna jikoni kwako. Mchuzi mzuri wa binyebwa ni karanga, maji, kitunguu, chumvi na saa moja motoni. Shida ni kwamba umenunua vitu viwili tofauti, na kila kimoja umekipika kwa njia iliyomfaa mwenzake. Tui hutiwa mwishoni kwa kuwa nazi haihitaji kuiva. Karanga mbichi ni jamii ya kunde, ukoo mmoja na maharage na choroko, na hata zikisagwa zikawa unga laini bado ni mbichi. Lazima ziive. Ukizipa dakika kumi na tano, unachokula ni karanga mbichi iliyolowa maji.

Tuanze na ulichobeba kutoka sokoni. Unga wa binyebwa hutokana na karanga mbichi zilizokaushwa, zikatwangwa au kusagwa pamoja na ngozi zake nyembamba nyekundu. Ni mkavu, una rangi ya waridi, na ukiufinya kiganjani hushikamana, kisha huvunjika ukiusugua kwa kidole gumba. Hauna harufu kubwa. Ile ya kahawia ni karanga zilizokaangwa kabla ya kusagwa, mara nyingi pamoja na simsim, yaani ufuta. Hiyo ndiyo odi, ya kaskazini kwa Waacholi na Walango: rojo zito lenye mafuta juu, linanukia kikaango, na tayari limeiva. Unga mbichi hauna budi kuchemshwa muda mrefu. Odi ukiichemsha muda mrefu huachia mafuta yake yote. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, kwa hiyo yakitoka yanaonekana. Nimalizane kwanza na unga mbichi, odi tutaifikia.

Kama una nafasi, nunua karanga nzima uzichague mwenyewe nyumbani, kisha uzipeleke kwa mwenye mashine azisage ukimwangalia. Nasema hivi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu wanaoota kwenye karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa na unyevu. Sumu hii huharibu ini, na moto wa jikoni hauiondoi, hata uchemshe saa tatu. Kinga yako ni macho: mwaga karanga kwenye ungo, toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotoboka, zilizopasuka zikawa na vumbi la kijani au jeusi, na zile zinazobonyea ukizibana kwa kucha. Onja mbili tatu. Ikiwa chungu, tema, na fungu hilo liangalie tena upya. Zikishasagwa huwezi tena kuchagua kitu, na muuzaji asiye mwaminifu analijua hilo. Sababu ya pili ni kwamba wapo wanaoongeza unga wa muhogo au wa mahindi ili kilo itimie. Unga wa namna hiyo huwa mzito haraka mno motoni, ndani ya dakika kumi tu, na mchuzi unavutika, unang'aa, halafu ukipoa unaganda kipande kimoja. Binyebwa halisi huwa nzito polepole.

Kabla ya kusaga, anika karanga juani saa mbili tatu. Zikiwa na unyevu, mashine huzigandamiza zikawa donge badala ya unga. Mwombe msagaji asage kwanza gao moja la karanga zako na kulitupa, maana aliyekutangulia huenda alisaga mahindi au simsim. Ukitwanga kwa kinu, twanga kidogo kidogo na uchekeche. Zinazobaki juu ya chekecheo rudisha kinuni. Unga wa chenga ni chanzo kimoja cha zile chembechembe zako, tena chanzo ambacho hakuna mapishi yatakayokiponya. Na usisage wa mwezi mzima. Karanga ikishavunjwa mafuta yake hukutana na hewa, na kwa hali ya hewa ya Kampala, unga ulioachwa kwenye mfuko wa plastiki jikoni huanza kunuka mafuta ya zamani baada ya wiki moja hivi. Kwenye friza, ndani ya chombo kisichopitisha hewa, hukaa miezi miwili bila taabu.

Sasa mapishi. Kwa watu watano au sita, chukua unga wa binyebwa gramu 300 (kama vikombe viwili na nusu vya mililita 250, usishindilie), maji lita moja na robo, kitunguu kimoja kikubwa, nyanya moja iliyoiva sana au usitie kabisa, na chumvi kijiko kimoja cha chai kwa kuanzia. Ukitaka kukumbuka kwa uwiano, ni kama sehemu moja ya unga kwa nne za maji kwa uzito. Hiyo inafaa kwa matoke. Kwa posho, yaani ugali, au wali unaweza kufika moja kwa tano, maana vyote viwili hunywa mchuzi.

Tia unga kwenye bakuli, mimina juu yake maji baridi mililita 400, koroga kwa mkono au mwiko mpaka usione tena unga mkavu. Maji baridi, tafadhali. Hapa ndipo wageni wengi wa jiko la Kiganda wanapoharibikiwa. Unga wa karanga ukikutana na maji ya moto, sehemu ya nje ya kila donge huiva papo hapo na kufunga, ndani kukabaki kukavu na kubichi. Donge hilo halivunjiki tena; utalikuta mdomoni baada ya saa nzima likiwa na unga ndani. Ukiwa umeshapata uji laini, mimina kwenye sufuria, suuza bakuli kwa maji yaliyobaki na umimine yote. Sufuria iwe nzito ya kitako, na kubwa: mchuzi usipite nusu yake.

Katakata kitunguu kidogo kidogo, kitie humo humo kikiwa kibichi. Hapa najua mkono wako wa pwani utakataa, lakini usikaange. Mafuta ya kukaangia yanaongezwa juu ya mafuta ya karanga, na kitunguu cha kahawia huua ile rangi ya waridi uliyoipenda mgahawani. Bizari ya manjano nayo iache kabatini, pamoja na viungo vya pakiti. Binyebwa ina ladha yake tamu, ya kimya, na viungo vikali huifunika kabisa.

Injika kwenye moto wa wastani na usiondoke. Koroga mfululizo, mwiko ukikwangua chini na pembeni, mpaka mchuzi uchemke kwa mara ya kwanza. Itachukua dakika 10 hadi 15 kutegemea jiko. Kabla ya kuchemka, chembe za karanga ni nzito kuliko maji, huzama na kutulia kwenye kitako, na huko ndiko zinakoungua. Kushika chini kwako kulianzia hapo. Mchuzi ukishachemka na kuanza kuwa mzito, chembe hubaki zimeelea na hatari hupungua, ingawa haiishi.

Ukikaribia kuchemka, povu jeupe lenye waridi litapanda ghafla. Protini za karanga hunasa mvuke, na sufuria iliyojaa hufurika na kuzima jiko lote ndani ya sekunde chache. Punguza moto upesi, koroga, pigapiga povu kwa mwiko. Usifunike mfuniko. Baada ya dakika tano hivi povu huisha lenyewe, na ukiona uso wa mchuzi umetulia, ujue hatua ngumu imepita.

Kuanzia hapo, moto uwe mdogo kabisa: mapovu makubwa mawili matatu yanayopasuka polepole, basi. Kwa sigiri, toa baadhi ya makaa au yafunike kwa majivu. Kwa gesi, kama jicho dogo la jiko lako bado ni kali, weka bati chini ya sufuria. Funika nusu, ukoroge kila dakika tano au saba kwa kukwangua kitako. Muda ni dakika 45 hadi 60 tangu kuchemka. Usishangae ukiambiwa na jamaa zako wa Tanga kwamba ni mrefu mno: Kampala iko karibu meta 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100 kama pwani. Kila kitu cha jamii ya kunde huchelewa kuiva huku. Ukihamia Kabale, kwenye karibu meta 2,000, ongeza tena dakika kumi na tano.

Utajuaje umeiva? Saa haitoshi, tumia pua na macho. Mchuzi mbichi unanuka majani mabichi, ile harufu ya maharage yaliyolowekwa usiku. Karibu dakika ya 30 harufu hiyo huondoka na inakuja ya karanga zilizochemshwa. Kisha rangi hukoza, kutoka waridi jeupe kwenda waridi iliyoelekea zambarau au kahawia, kutegemea ngozi ya karanga zako. Mwisho, juu ya mchuzi hujitokeza macho madogo ya mafuta, ya manjano mekundu, pembeni mwa sufuria kwanza. Hayo macho ni alama njema. Hayana uhusiano na kukatika. Chukua tone, lisugue kati ya vidole viwili: likiwa na chenga chenga na maji, bado, likiteleza, epua.

Chumvi iende dakika ya 30, ukiwa na uhakika mchuzi umepungua kiasi gani. Ukiitia mwanzoni na mchuzi ukapungua robo, utakuwa umezidisha, na hakuna dawa zaidi ya kuongeza maji na kuanza kuchemsha upya.

Nyanya sasa. Nyanya nne kwa unga wa dakika kumi na tano ndizo zilizokukatia mchuzi. Protini ya karanga inapopata joto hujifunga. Ikijifunga polepole, ndani ya maji yasiyo na uchachu, hutengeneza nyuzi laini zinazoshika maji, na huo ndio uzito unaoutafuta. Uchachu ukiwepo tangu mwanzo, protini hukimbiliana na kushikana vipande vipande, maji yakabaki peke yake. Limao, ukwaju na nyanya mbichi mbichi vyote hufanya hivyo. Wapo wanaotia nyanya na mchuzi ukatoka vizuri, na siri yao ni kiasi: moja, iliyoiva ikawa laini, imemenywa, na inaingia baada ya nusu saa mchuzi ukiwa umeshajifunga. Kwa maoni yangu mchuzi wa samaki wa moshi unaipenda hiyo nyanya moja, ila wa uyoga hauihitaji.

Ukikukatikia tena, usimwage. Epua, uache upoe kiasi, upitishe kwenye blenda kwa nusu dakika, urudishe kwenye moto mdogo. Kama huna blenda, koroga vijiko vitatu vya mezani vya unga mpya kwenye maji baridi nusu kikombe, mimina, koroga, na uendelee dakika 30 nyingine. Hautakuwa kamili, ila utalika. Ukishika chini, usikwangue hata kidogo. Mimina wa juu kwenye sufuria nyingine, wa chini uachie hapo. Ladha ya kuungua hupanda mara tu unapogusa kitako kwa mwiko. Na mchuzi ukiwa wa kijivu badala ya waridi, tazama chombo: sufuria ya chuma kitupu hukutana na ngozi nyekundu za karanga ikatoa weusi. Haudhuru, lakini haupendezi.

Kitu gani kiingie ndani? Binyebwa tupu ni mchuzi kamili kwa viazi vitamu, na siku za kawaida nyumba nyingi hula hivyo. Lakini uliyokula mgahawani, kwa unavyoueleza, huenda ulikuwa na samaki wa moshi. Sato, sangara na kambare wote wanafaa. Sangara ana minofu mikubwa na miiba michache, kwa hiyo ndiye rahisi kwa watoto; kambare ana moshi mzito na mafuta zaidi. Mmoja wa gramu 300 hivi atosha kwa kipimo kile. Mloweke kwenye maji ya moto dakika tano hadi kumi, mwaga maji hayo, maana yamebeba masizi na mchanga. Toa magamba, kichwa ukipenda, na uti wa mgongo; pitisha vidole kwenye minofu kutafuta miiba. Mtie akiwa vipande vikubwa, dakika ya 30, na tangu hapo ukoroge kwa kukwangua chini tu bila kuzungusha katikati. Akiingia mwanzoni anavunjika vunjika, na miiba uliyoiacha inasambaa mchuzi mzima. Moshi wake huyeyukia kwenye mafuta ya karanga, ndiyo maana hata anayekula mchuzi bila kipande cha samaki anausikia.

Mukene, yaani dagaa wa ziwani, kata vichwa, oshea maji manne au matano mpaka chini ya bakuli pasibaki mchanga, wakaange wakavu kwenye sufuria tupu dakika tatu, kisha watie dakika kumi na tano za mwisho. Uyoga mkavu loweka nusu saa. Maji ya kulowekea yaache yatulie, mimina ya juu kwenye mchuzi, ya chini yenye mchanga mwaga. Msimu wa mvua ukikuta butiko, ule uyoga mdogo mweupe unaouzwa kwa mafungu, nunua bila kujiuliza mara mbili. Osha kwa upole, utie nusu saa ya mwisho, na hapo usitie kitu kingine chochote, hata kitunguu punguza. Nyama iliyokaushwa, mukalo, ndiyo pekee inayotaka kuchemshwa pembeni kwanza, dakika 40 au zaidi mpaka ilainike. Supu yake itumie badala ya sehemu ya maji, ikiwa imepoa.

Turudi kwa odi. Hii usiichemshe. Pika kwanza kitu chako, mboga ya majani, nyama au maharage, mpaka kiive kabisa. Kwa nusu kilo ya mboga na kikombe kimoja na robo cha supu, chukua odi vijiko vitatu vya mezani vilivyojaa, weka kwenye bakuli, uongeze supu ya vuguvugu kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga. Mwanzoni itakushangaza: badala ya kulegea itazidi kukaza, itakuwa nzito hata mwiko usimame. Endelea. Kijiko cha nne au cha tano cha supu kitaifungua ghafla ikawa laini na nyeupe zaidi. Hapo ndipo uimimine kwenye sufuria, moto mdogo, dakika tano hadi nane, ikianza tu kutokota epua. Yale mafuta tele uliyoyaona wiki iliyopita yalitoka kwa kuchemsha kitu kilichokwisha kuiva. Kwa kuwa odi imeshapikwa, hata uchachu hausumbui sana, ndiyo maana kaskazini huipika na malakwang, majani makali kwa uchachu. Majani huchemshwa, maji ya uchachu hukamuliwa kiasi mtu anachotaka, kisha odi huchanganywa humo, na huliwa kwa viazi vitamu. Usijaribu malakwang kwa unga mbichi wa waridi. Utapata chembechembe zile zile.

Kuna jambo moja la mgahawani ambalo sufuria haiwezi kulifanya. Migahawa mingi inayosifiwa kwa binyebwa huipika kwenye luwombo, yaani ndani ya jani la mgomba, kwa mvuke. Buganda husimulia kwamba mapishi hayo yalianzishwa na Kawuuta, mpishi wa Kabaka Mwanga, mwaka 1887. Mbinu yenyewe inajibu matatizo yako yote kwa mpigo: mchuzi haugusi moto hivyo haushiki, haukorogwi hivyo samaki havunjiki, na hautokoti hivyo protini hujifunga kwa utulivu. Ule ulaini uliouonja unatoka hapo.

Nyumbani inawezekana kabisa. Nunua majani machanga ya mgomba yasiyo na mpasuko, sokoni yanauzwa, na uombe na nyuzi kavu za mgomba za kufungia. Pitisha jani juu ya makaa au moto wa gesi, upande mmoja kisha mwingine, likisogea wakati wote. Utaona kijani kikigeuka cheusi kidogo na kung'aa, na jani lililokuwa gumu linalegea mkononi; hapo limekubali kukunjwa. Kipande ambacho moto haujakifikia ndicho kitakachopasuka. Uti wa katikati uchonge kwa kisu upande wa nyuma mpaka ulingane na jani, ukilalia kisu usitoboe. Tandika jani ndani ya bakuli, kipande cha jani la pili chini yake kama akiba. Uji wa karanga humu uwe mzito, sehemu moja ya unga kwa mbili na nusu za maji, kwa kuwa hakuna mvuke utakaotoka. Kila jani lipate kikombe kimoja cha uji, vipande vya samaki wa moshi aliyesafishwa, kitunguu kidogo na chumvi. Kusanya kingo juu, zungusha, funga shingo kwa uzi.

Panga mabua ya majani ya mgomba chini ya sufuria kubwa, maji yafike usawa wa mabua na yasiyapite, simamisha vifurushi juu, funika kwa majani mengine na mfuniko. Mvuke saa mbili na nusu. Kila dakika arubaini sikiliza; maji yakiisha mabua hulia kwa kukauka, ongeza maji ya moto pembeni, usimwagie vifurushi. Kama mnakula matoke, yafungeni kwenye majani yake, yakae chini na luwombo juu, vyote viive kwa mvuke mmoja. Ukikosa majani, bakuli la chuma lililofunikwa vizuri juu ya mvuke hutoa ulaini ule ule, harufu ya jani tu ndiyo utakayoikosa.

Ukienda kula nje, tazama sahani kabla ya kuonja. Mchuzi uliomwagwa juu ya matoke ukiachia mduara wa maji kwenye sahani baada ya dakika chache, haukuiva vya kutosha au uliongezwa maji wakati wa kupakua. Ukivutika na kung'aa, una unga wa muhogo. Ukiwa na ngozi nyembamba juu na macho ya mafuta pembeni, kula. Migahawa ya chakula cha mchana huinjika binyebwa asubuhi, kwa hiyo sahani ya saa saba mchana kwa kawaida ndiyo bora. Ya jioni mara nyingi imeshaongezwa maji mara mbili tatu, na ladha inasema hivyo.

Ukibakiza nyumbani, poza upesi na uweke kwenye friji, siku mbili ukiwa na samaki, tatu ukiwa mtupu. Utaukuta umeganda. Usiuweke motoni hivyo ulivyo: ongeza maji ya baridi robo kikombe kwa kila kikombe cha mchuzi, vunjavunja kwa mwiko kwanza, ndipo uwashe moto mdogo na ukoroge mpaka uchemke. Kwa jaribio lako la kwanza nakushauri upike nusu ya kipimo, bila nyanya na bila samaki, ule kwa kiazi kitamu, ujue kwanza ladha ya karanga iliyoiva ikoje.